Niliwekwa Nimnyime Mke Mwenzangu

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeitisha kikao na ndiye aliyekaa karibu na feni. Mwanangu wa kwanza, fundi seremala hapa hapa Keko, anayefanyia kazi kwenye kibanda cha baba yake. Binti wa mke mwenzangu, mtoto wake wa pekee, karani wa ofisi mjini, mie ananiita mama mkubwa. Jirani yetu nesi mstaafu, mtu wa Mbeya, si ndugu wala si dini moja na sie, lakini ukuta wa choo chake ndio ukuta wa jiko letu, basi imekuwa kama ndugu. Mie, mke mkubwa. Na mke mwenzangu, mke mdogo, ambaye hakuwa ukumbini. Alikuwa chumbani kwake kalala, lakini mlango ulikuwa wazi na masikio yake hayajawahi kuumwa, kwa hiyo namhesabu.

Majina yao ninayo yote. Shule sikuipata, nilisoma ngumbaru ukubwani, ila jina la mtu likishaniingia halitoki, mpaka la mama aliyekuja kupika siku ya harusi yangu na la yule aliyemshikia mwiko. Hapa siyaandiki. Watu wako hai, wana wakwe.

Tulikaa kwa ajili ya mguu. Mke mwenzangu alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kimeanzia kwenye ndala iliyombana, na kwa vile ana sukari kiligoma kupona. Daktari alimwambia binti yake: sukari ishuke na kidonda kionyeshe kupona kabla ya kliniki nyingine, la sivyo tunakata. Binti akauliza, "Kidole?" Daktari akamjibu, "Nikianza na kidole, mama, sijui nitaishia wapi."

Mwili wake ulikuwa mkubwa. Sisemi kwa kumcheka, nasema ili mjue ilivyokuwa. Kumtoa kitandani mpaka kwenye bajaji ilikuwa kazi ya wanaume wanne, na wanaume hao ni mwanangu na mafundi wake. Kwa hiyo siku ya kliniki kibanda kinafungwa, makabati ya watu yanalala bila milango, wenye makabati wanapiga simu wanatukana. Binti yake alishamaliza likizo, akaomba ruhusa, akaomba tena, mpaka bosi wake akamwambia achague moja. Mjukuu wetu mmoja aliacha kwenda chuo ili ashinde na bibi yake. Sukari ilikuwa ya mtu mmoja, lakini nyumba nzima tulikuwa tunaiumwa.

Na mie nilikuwa na wivu. Nasema mapema, msije mkadhani nilikuwa na huruma.

Alikuja hapa kutoka Kunduchi, kwao wauza samaki, akiwa mwembamba kama mie. Watoto hilo hawaliamini. Tuliweza kuazimana magauni, kama tungekuwa watu wa kuazimana. Ila mwili wake ulikuwa mwepesi kupokea. Hata mwaka haujaisha, shavu limejaa, mkono umejaa, na mtaa umeshaanza: "Bibi harusi, umenawiri! Mume anakutunza!" Na mnajua huku kwetu neno hilo lina nini ndani yake. Mke akinawiri sifa ni ya mume. Mume wangu akawa anapita barabarani kifua mbele kama yeye ndiye aliyenenepa, na baadaye kweli akanenepa.

Mie nilikuwa nakula, wallahi. Nakula wali, nakula tui la kwanza, nakula ukoko, haishiki. Mashoga zangu wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwenzetu, unaumwa?" Kikaja kile kipindi cha ule ugonjwa, mtu akipungua kidogo tu watu wanaanza kumhesabia siku, hapo wakaacha hata kuuliza. Wananitazama tu, wakiondoka wananawa mikono. Siku moja mume wangu akaniambia, "Jitahidi kula basi, unanitia aibu." Njaa ya mke mkubwa ndiyo iliyomtia aibu, kumbe. Na njaa yenyewe sina!

Zamu yangu mume alikuja na mikono yake miwili mitupu. Zamu ya mwenzangu, mkononi kuna kifurushi cha gazeti kimelowa mafuta: chipsi, kuku, mishikaki, na soda mbili kwenye mfuko. Mlango wa chumba unafungika, harufu haifungiki. Nimekaa jikoni kwangu nikijua leo ni paja, leo ni kidari.

Akamtengenezea na kiti. Mtu huyu, aliyekuwa hana muda wa kunigongea msumari kwenye meza, alichagua mninga mzuri akamchongea mke mdogo kiti kipana, hakina mikono ya pembeni, mgongoni kina maua. "Ili akae kwa raha." Kiti changu mie kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Mwanangu anasema siku hizi oda zote ni za upana ule. Baba yake alikuwa na kipimo kimoja cha makochi kwa wateja wote, yeye kila mara anasogeza penseli. Kochi la watu watatu la zamani, anasema, siku hizi wanakaa wawili, wa tatu anasema, "Mie nitasimama tu, msijali."

Mume wetu alianguka bafuni, presha. Tumbo lake lilikuwa linatangulia kufika mezani na sie tulikuwa tunaliita heshima. Tukakaa eda, mie chumba changu, yeye chumba chake, na pole zikaanzia kwake kwa sababu alilia vizuri kuliko mie.

Nikadhani wivu umezikwa na mwenyewe. Wapi. Mwenzangu alipoanza kuumwa ndipo nilipojua kumbe nilikuwa sijaona kitu. Mie goti langu linauma tangu zamani, naenda sokoni nalo, narudi nalo, hakuna anayeuliza. Yeye akikohoa, simu zinalia mpaka Mbweni. Wageni wanapita mbele yangu barazani, "Shikamoo bibi, mgonjwa yuko wapi?" Kana kwamba mie nimewekwa pale kuelekeza njia.

Na hawaji mikono mitupu, maana kwetu kwenda kwa mgonjwa bila kitu ni aibu. Keki. Chapati za kumimina. Visheti. Juisi za boksi. Zabibu, ambazo mie nilizionja ukubwani. Daktari kasema hapana, nesi kasema hapana, lakini nani atarudisha kikapu cha mtu mlangoni? Na mgonjwa akitamani kitu anapewa, ndivyo tulivyolelewa, kwa sababu huenda ndiyo tamaa yake ya mwisho. Mwenzangu alilijua hilo. Alitamani kila siku, na kila siku ilikuwa ya mwisho.

Basi kikao. Nesi ndiye aliyefungua, ingawa si wa ukoo.

"Vidonge anameza," akasema. "Sindano anachoma. Sasa mie nauliza, jana nani kampa maandazi?"

Mwanangu akaanza kukwangua gundi kwenye kucha.

"Mama mdogo alisema tumbo tupu linamsokota," akasema mwisho. "Nikampa moja."

"Moja?"

"Alisema moja ni nuksi."

"Mie mama akilia nashindwa," binti akasema. "Nikimnyima analia, akilia nampa, nikishampa nalia mie."

"Mie nimeleta soda tu," shemeji akasema.

"Soda, baba?" Nesi alishika kichwa.

"Ile nyeusi. Si inasafisha tumbo?"

Nesi akatueleza taratibu kama watoto wa chekechea. Hapa si kumshindisha njaa, akasema, tena anayechoma sindano ya sukari asishinde njaa hata kidogo, sukari itashuka mpaka azimie. Ale kwa wakati wake, ale kidogo, mboga nyingi, ugali kiasi cha ngumi, sukari isiingie. Lakini awepo mtu mmoja mwenye sufuria na mwenye mlango, mtu ambaye machozi hayampati. Sie wote, akasema, tunampenda kwa kumjazia, na mguu ndio unaolipa.

Shemeji akakuna kidevu. "Kwa hiyo tunatafuta mtu mwenye roho mbaya."

Watu wote wakatafuta pa kutazama. Mmoja feni, mmoja kalenda, mwanangu kucha zake. Hakuna aliyenitazama mie, na ndivyo nilivyojua.

Sauti ikatoka chumbani. "Mbona mnazunguka? Mtajeni dada! Huyo hawezi kunipa maji ya kunawa hata akiwa na ndoo mbili."

"Nimesikia!" nikasema.

"Ndiyo nimekwambia usikie!"

Binti akapiga magoti mbele yangu. "Mama mkubwa, naomba. Nisaidie nisipoteze kazi, na mama asipoteze mguu." Nikakubali. Alipiga magoti vizuri, lakini sikukubali kwa magoti yake. Nilikubali kwa sababu maisha yangu yote sahani ya mwanamke yule ilikuwa mbele yangu na mkono wangu haufiki, na sasa wananikabidhi.

Nikahamishia jiko langu kwenye mlango wake. Asubuhi uji wa dona bila sukari. Mchana ugali ngumi moja, matembele au mchicha, maharage, samaki wa kuchemsha. Chai kavu. Siku ya kwanza alitazama sahani akaniuliza, "Hiki ni chakula au ni sampuli?"

"Kula, mke mwenzangu. Ndicho nilichokuwa nakula zamu yako."

Akalia. Nikatoa nyuzi kwenye matembele mpaka akamaliza kulia.

Wageni nao niliwapokea barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kikapu weka hapa."

"Ni vitu vya mgonjwa, bibi."

"Najua. Mgonjwa anakula macho yako, nenda ukamtazame."

Wakaanza kunisema. Kwamba namkondesha mke mwenzangu kwa visasi, kwamba nasubiri afe nibaki na nyumba. Waliyasema bombani, waliyasema saluni, yakafika kwangu yakiwa moto. Sikujibu. Kusema kweli nilikuwa na shughuli, kwa maana vile vikapu vilikuwa vinaishia kwangu, na chakula hakitupwi. Nikala keki. Nikala visheti. Nikanywa juisi ya maembe, boksi zima, nimekaa kwenye kile kiti cha mninga ambacho kilikuwa hakina mtu. Utamu wa keki ile sijui niuandikeje. Haikuwa unga na mayai tu. Ilikuwa yake.

Siku moja muuza mkaa akashusha gunia, akaniangalia, akasema kwa sauti, "Bibi! Mashallah, umenawiri!"

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu ujana wangu, na lilikuja kwa muuza mkaa, mume hayupo wa kulisikia. Nikashika shavu langu, kweli kulikuwa na kitu. Nikapita uani huku na huku bila kazi.

Lakini chumbani palikuwa kimya. Palikuwa kimya mno kwa mtu aliyezoea kulalamika. Nikaingia na sahani ya mchana. Kageukia ukutani.

"Kumbe unakula vyangu," akasema.

"Vyako vina sukari."

"Na wewe sukari huna? Nani kakupima? Mie nimenyimwa ili wewe unawiri? Sili."

"Utakula."

"Sili, dada. Toa sahani yako. Nife mwembamba, wewe ubaki mnene, wakuone mtaani wajue nani alikuwa mke."

Nilitoka. Nilijua njaa itamrudisha. Sikukumbuka kwamba sindano alikuwa ameshachomwa. Baada ya muda nikasikia kitanda kinatikisika. Nikaingia, kalowa jasho, midomo inatetemeka, ananiita kwa jina la mama yake. Nilipiga kelele mpaka nesi akaja na kanga imegeuka. Akauliza, "Kachoma, hajala?" Nikasema ndiyo. Akaagiza maji ya sukari, sukari, yaani ile ile niliyokuwa nailinda! Nikamnywesha mie mwenyewe kwa kijiko.

Alipopata nafuu nesi alinigeukia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Mama, mguu bado tunao, hapa nusura umpoteze mwenye mguu." Kisha akanichoma kidole na mie, bila kuomba, akatazama kimashine chake, akakunja uso. "Na wewe ukiendelea na hizo keki, utakaa naye benchi moja." Akasema zamani siku ya kliniki ya sukari benchi lilikuwa linabaki nafasi. Siku hizi wanakaa mpaka sakafuni, na kuna wasichana wa umri wa wajukuu zetu, wengine wameongozana na mama zao, wanashika kadi zinazofanana.

Mke mwenzangu alikuwa anasikiliza, macho nusu. "Mwambie tule pamoja," akasema.

"Nani na nani?"

"Mie na dada. Sinia moja. Asipokula nilichowekewa, sili. Akila kitu pembeni, nami napewa."

Ni jambo dogo mkilisikia hivi. Lakini mie na yeye, tangu alipoingia nyumba ile, hatujawahi kutia mkono kwenye sinia moja. Misibani hatukula pamoja, wala Idi, wala kwenye arobaini ya mume wetu. Yeye alikuwa na sinia lake, mie langu, na watoto walijua pa kukaa. Nilimtazama mguu ulivyofungwa bandeji. Kliniki ilikuwa inakaribia. Nikaenda nikaleta ugali.

Tukala. Wivu wenyewe ndio uliotulisha. Alikuwa ananitazama mkono, nami namtazama wake. Nikimega kubwa, anasema, "Hiyo ni ngumi ya nani, ya bondia?" Akivuta samaki upande wake, nausogeza mgongo wa samaki kurudi katikati. Hakuna aliyeweza kuzidisha, maana mwenzie asingekubali kupitwa. Vikapu nikawa navipeleka kwa nesi avigawe anakojua, na kila kinapotoka yeye anauliza kwa sauti, "Kimetoka chote? Mdomo wako uonyeshe!" Nami, mtu mzima wa umri wangu, nafungua mdomo.

Wakati mwingine tulikuwa tunabishana nani kaanzisha. Mie nilisema ni mume, na vifurushi vyake. Yeye akasema, "Mume hakunishika taya. Nilikuwa nakula hata nimeshiba, ili wewe usikie nikicheka." Kisha akasema, "Na vile vifurushi ni vitamu, dada, usidanganywe." Nilikuwa najua. Nilipojua ndipo wivu uliponizidi, kwa sababu kumbe nilikuwa naonewa kweli.

Siku ya kliniki mwanangu alikuja na mafundi wake kama kawaida. Mke mwenzangu akawaambia wawili warudi kazini. Aliteremka kitandani ameshika bega la mwanangu upande mmoja na langu upande wa pili. Bega langu hilo liliuma wiki nzima, lakini alifika kwenye bajaji. Hospitali daktari alifungua bandeji, akainama, akabonyeza pembeni. Nyama ilikuwa nyekundu, mbichi, inajaza. Akatazama karatasi ya sukari, akatazama kidonda tena.

"Huu mguu unabaki," akasema. "Kidonda kitachukua muda wake, na mkirudia mlivyokuwa tutaonana tena hapa. Nani anampikia?"

Binti akaninyooshea mkono, analia. Daktari akanipa mkono. Nilitaka asimame hapo hapo, aseme neno moja juu yangu, mie niliyetukanwa mtaa mzima. Badala yake alimgeukia mke mwenzangu akamwambia, "Hongera sana mama, umejitahidi. Umepungua, umependeza, umekuwa msichana!"

Na nesi wa pale naye, "Kweli, msichana!" Na wagonjwa kwenye benchi wakageuka kumtazama. Mwanamke yule, niliyempunguza mie, kwa ugali wangu, akainamisha shingo kwa madaha kama siku alipoletwa kutoka Kunduchi. Miaka yote mie ni mwembamba, hakuna aliyenipa hongera. Wembamba kaupata yeye, umekuwa sifa.

Tulipofika nyumbani niliweka sinia chini kwa kishindo. Akauliza, "Una nini?" Nikasema sina kitu. Akatazama sinia, akatazama mie, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, nami nikala kwa hasira, ngumi yangu ile ile, na yeye yake.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Shemeji anasema neno roho mbaya si yeye aliyelitamka, ati ni nesi. Binti anasema daktari alinishukuru na mie, ila nilikuwa nimenuna sikusikia. Huenda. Aliyekuwepo akiona nimekosea, aje anisomee palipokosewa nami nitapafuta, maana macho yangu siku hizi yanaruka mistari. Ila kwenye wivu asiniguse, hapo najua nilichoandika.